Santing wa Picha Zilizoganda

Kwenye chumba cha huduma kwa wateja cha kampuni moja ya intaneti pale Tagbilaran, kisiwani Bohol, wanakaa watu kumi na wanne wamevaa vidude vya masikioni, na kumi na watatu kati yao hawajafika miaka thelathini. Wa kumi na nne ni Crisanta Lumayag. Ana miaka arobaini na tisa, miwani ya kusomea iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na mto wa kukalia aliotoka nao nyumbani kwa sababu viti vya pale, anasema, vilitengenezwa na mtu asiye na makalio. Wenzake humwita Mama Santing. Wateja humwita majina mengine, hasa jioni mpira wa kikapu unapoganda sekunde tano kabla ya kwisha, lakini hayo tuyaache.

Kazi yenyewe ni moja tangu asubuhi hadi jioni. Mtu amelipia intaneti yake, amefungua video, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu mtu anapiga simu akiwa amevimba kama chura. Vijana wana karatasi yao ya maswali. Zima, washa. Pima kasi, nisomee namba. Isipopona, andika ombi la fundi, aga kwa adabu, pokea nyingine. Dakika nane kwa kila mteja, basi. Saa ya hizo dakika nane iko pembeni ya kioo cha kompyuta, na zikipita inageuka nyekundu, na msimamizi anaiona kutoka mezani kwake.

Santing karatasi ile anaijua kwa moyo, ila huanzia mbali nayo. Kwanza huuliza, "Hebu niambie, hiyo ruta umeiweka wapi? Na juu yake kuna nini?" Mteja akianza kueleza, yeye huchora. Ana daftari la shule limejaa nyumba za watu asiowajua: mlango huku, jiko kule, bibi kalala hapa, ukuta wa zege, ukuta wa mianzi. Tabia hiyo aliitoa kwenye kazi yake ya zamani. Miaka kumi na tano alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, anapita nyumba kwa nyumba na mizani begani kupima watoto, na alichojifunza ni kwamba mtoto asiyenenepa usimkodolee macho yeye. Tazama jiko. Tazama maji yanakaa wapi, na nani anakula kwanza. Ruta nayo, anasema Santing, ni mtoto tu.

Na hakosei sana. Amewahi kukuta ruta kwenye pipa la mchele. Amewahi kukuta nyuma ya tangi la samaki wa mapambo, maji yameizuia kabisa. Mwanamume mmoja wa Panglao aliiweka ndani ya friji, mlango kaufunga, kwa sababu ilikuwa inapata moto na yeye aliihurumia. Santing hakumcheka mpaka simu ilipokatika, kisha akacheka hadi akatoka nje. Nusu ya nyumba za Bohol zinaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, kando ya sanamu ya Mtoto Yesu, maana hapo ndipo penye soketi ya zile taa ndogo za rangi, na ndipo mahali pekee ambapo watoto hawathubutu kugusa kitu.

Lakini kuchora nyumba za watu kunakula dakika. Mpaka mwezi wa Mei mwaka jana, Santing alikuwa na barua mbili za onyo kwenye faili lake. Ya tatu ikija, arudi kwao na mto wake.

Sasa kuna jambo moja la Santing ambalo wenzake hawakulijua, na mimi nitalisema. Kila Jumapili saa kumi alasiri binti yake, Mayla, humpigia simu ya video kutoka Taiwan. Mayla yuko kule mwaka wa sita, kiwandani, anakagua vipande vya simu kwa darubini. Mama na mwana wanacheka, wanasengenya, wanaulizana wamekula nini. Kisha inafika mahali Mayla amekonda kidogo, au amekata nywele, au nyuma yake kitandani kuna shuka lile lile la mwaka juzi, na Santing machozi yanamlengalenga. Hapo mama wa watu anaganda. Anakaza uso, macho wazi, mdomo nusu, hatikisi hata kope. Mayla anasema, "Mama? Mama, umeganda tena." Anahangaika, anaita, mwisho anakata akitukana mtandao. Santing ndipo anapumua, anaushika mto wake, analia peke yake. Mtandao hauna kosa lolote. Fundi wa watu wote pale Tagbilaran, na kila Jumapili anaisingizia intaneti ya kampuni yake mwenyewe.

Basi Alhamisi moja ya Mei, saa sita na dakika arobaini mchana, kopo lake la wali na samaki mkavu likiwa limeshafunguliwa chini ya meza, simu ikaingia. Mwanamume, sauti ya upole, maneno ya haraka. Akajitaja kuwa Rustico Galagar wa Jagna, akaunti ni ya mama yake, Eleuteria. Video ya moja kwa moja inakatikakatika tangu Jumamosi.

Santing akauliza swali lake. Rustico akasema ruta iko kwenye madhabahu. Juu yake kuna nini? Kitambaa cheupe. Cha nini?

Rustico akashusha sauti. "Tuna msiba, mama. Ni huyo huyo Eleuteria."

Santing akaitoa miwani. Mengine hakuhitaji kuambiwa, yeye ni wa huko huko. Mtu akifa, vioo vyote nyumbani vinafunikwa, ila aliyefunika, Rustico akasema, alikuwa shangazi yake, Ponsing, mwongoza sala wa mtaa mzima, mama asiyefanya jambo nusu nusu. Alifunika vioo, akafunika televisheni, akaona ruta nayo inamulikamulika vitaa vyake, akaifunika na hiyo. Siku ya sita leo iko chini ya kitambaa, na mishumaa kushoto na kulia.

Akauliza video ni ya nani. Hapo Rustico akaeleza, na sauti ikaanza kumponyoka. Dada yake, Analou, ni mfanyakazi wa ndani Kuwait. Mkataba wake umebakiza miezi mitano, bosi amekataa asisafiri. Mama hajamwona ana kwa ana miaka minne. Leo bosi kaenda kuwapeleka watoto shule, kampa saa moja aangalie, na hapa jeneza linafungwa saa saba na nusu, gari la mazishi likifika, kwa kuwa padri ana misa saa nane na nyingine saa tisa. "Siku zote hizi anamwona mama kwa vipande," Rustico akasema. "Mara kidevu, mara maua, mara dari. Uso mzima hajauona hata mara moja. Leo asipouona, ndiyo basi tena."

Santing akalisukuma kopo la wali kwa mguu. Akafungua ukurasa mpya wa daftari.

Kitambaa kikaondolewa kwanza. Rustico alipoigusa ruta akavuta mkono, ilikuwa na moto wa sufuria. Akaipungia kwa kadi ya misa mpaka ikapoa. Picha ikawa na nafuu, lakini bado inaruka. Santing akatazama kwenye kioo chake nyumba ile ina simu ngapi zinazovuta intaneti. Thelathini na nane.

Akauliza kuna watu wangapi. Hamsini hivi, Rustico akasema, na neno la siri la waifai limeandikwa kwenye kadibodi karibu na meza ya kahawa na biskuti, kama ilivyo ada. Siku hizi nani atakesha msibani bila waifai? Vijana wanakaa kwa ajili hiyo, na marehemu asipate upweke. Karatasi ya maswali hapo inasema wazi: badilisha neno la siri, wote watoke. Santing akasema kwa kutimiza wajibu tu, maana jibu alilijua.

"Siwezi, mama," Rustico akasema. "Itakuwa kama tumewafukuza."

Na kweli. Nyumba ya msiba humwonyeshi mgeni mlango. Hata akiondoka mwenyewe, mfiwa hamsindikizi, hamwagi, hasemi kwaheri wala asante. Anayeaga anaita kifo kingine kirudi kuchukua mwenzake. Mgeni anajiondokea kimya kimya na mfiwa anatazama pembeni, na hakuna anayeona vibaya. Eti uje wewe na neno jipya la siri uwatoe watu thelathini na nane kwa mpigo! Jagna nzima ingelisema mpaka Krismasi.

Saa ya Santing ilishageuka nyekundu. Junrey, msimamizi, akaja kusimama nyuma ya kiti. Ni kijana wa miaka ishirini na saba, si mbaya, ana adabu za nyumbani, ila namba za wenzake zikiharibika zinamharibikia yeye. Akainama akamnong'oneza, "Mama Santing, mtumie fundi tu."

"Fundi atafika lini?"

"Kesho asubuhi."

"Na kesho wanamzika nani?"

Junrey akaitazama ile saa nyekundu. Akabaki amesimama palepale.

Santing akamwambia Rustico amwite Shangazi Ponsing. Hakutaka kusema naye mambo ya mtandao. Alimwomba tu, kwa heshima zote, kama kuna njia ya kuwaomba wageni wapumzishe simu zao bila mtu kuona haya. Shangazi Ponsing alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili na sauti ya mtu aliyezoea kuzishinda kwaya. Hakuuliza kwa nini. Santing akamsikia kupitia simu, akitangaza sebule nzima: sasa tunaingia sala za mwisho, kila mmoja azime simu yake ampe Eleuteria dakika zake. Na nitakayemwona simu inawaka, akasema, nitamtaja jina kwenye litania, baada ya watakatifu wote, na wote mtaitikia, utuombee.

Namba kwenye kioo cha Santing zikaanza kuporomoka. Thelathini na moja. Ishirini. Tisa. Nne. Mbili. Moja ni tableti anayotazamia Analou. Na hiyo nyingine? Rustico akaona haya kusema. Ilikuwa ya mwenyekiti wa mtaa, kajibanza kwenye ngazi anatazama kuku wakipigana. Shangazi Ponsing akamwendea, akamnyooshea kiganja bila neno, na mwenyekiti akaiweka simu yake humo kama mtoto wa shule.

Sasa ingefaa iwe imepona. Haikupona. Ilikuwa saa saba na dakika tano, na Rustico, aliyekuwa akikimbia kati ya sebule na dirisha la jikoni ambako pekee simu yake ilikamata vizuri, akarudi akasema Analou bado anamwona mama vipande vipande.

Santing akalitazama daftari lake. Akaanza kuuliza tena kila kitu, pole pole. Madhabahu iko ukuta gani? Wa nyuma. Jeneza? Mbele ya madhabahu, limekaribia kuigusa, maana sebule ni ndogo. Tableti? Upande huu wa pili, miguuni kwa mama, kwenye stendi. Na jeneza ni la nini?

"La chuma," Rustico akasema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na fahari kidogo kwenye sauti yake. "Lile zuri, jeupe. Analou ndiye alilipa. Alisema mama asilazwe kwenye mbao za bei rahisi."

Mkono wa Santing ukasimama juu ya karatasi. Chuma kitupu, kutoka mwisho hadi mwisho wa sebule, katikati ya ruta na tableti, na vinara vya shaba pembeni. Mtoto wa watu alikuwa amemnunulia mama yake ukuta. Santing aliyameza maneno hayo na hajamwambia mtu yeyote wa familia ile mpaka leo.

Alichosema ni kwamba ruta na tableti zinatakiwa zionane. Je, jeneza linaweza kusogezwa? Haliwezi. Likishawekwa halitikiswi mpaka linatoka. Je, mtu anaweza kupita nyuma na tableti? Hakuna nafasi hata ya paka. Waya wa ruta unafika wapi? Rustico akaenda, akavuta, akarudi.

"Unafika kwenye jeneza, mama. Juu yake. Hauendi zaidi."

Kuweka kidude cha plastiki chenye vitaa juu ya maiti ya mama yako, mbele ya watu hamsini! Santing hakuthubutu kumshauri. Dakika zilikuwa zinakwenda. Junrey alishavuta kiti akakaa, vidude vya masikioni vya jirani yake kavichukua anasikiliza, na saa nyekundu kaisahau.

Ni Shangazi Ponsing aliyeamua, maana alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni muda wote akisikiliza bila kualikwa. "Huyu Eleuteria," alisema, "kila Jumapili alikuwa anakaa na kiti chake karibu na hicho kidude, mkono juu yake, eti akikigusa mtoto anasikika vizuri. Mimi nilimcheka miaka minne. Kiweke hapo kifuani. Hawezi kukikataa leo."

Wakaiweka juu ya kioo cha jeneza, kile kinachomfunika marehemu mfuniko ukiwa wazi, usawa wa kifua. Vitaa vikawaka vyote. Rustico akasimama kizingitini kati ya jiko na sebule, ambapo simu yake ilikamata kwa shida, na Santing akasikia kitu ambacho hakukisikia tangu mwanzo wa simu ile: sauti ya mwanamke kutoka kwenye tableti, nzima, haikatiki.

Analou hakulia kwanza. Alikuwa anatazama. Akamwomba mpwa wake asogeze tableti upande wa kichwani. Akaomba aone mikono. Kisha akauliza kuhusu blauzi, ile ya bluu yenye lulu shingoni. Aliituma yeye, mwaka wake wa kwanza. "Mikunjo ya dukani bado ipo," akasema. "Kumbe hakuivaa?"

Rustico ndiye aliyemjibu. Mama alikuwa anaitunza, akasema, kwa siku atakayokwenda kumpokea uwanja wa ndege.

Hapo ndipo Analou alipolia, na nyumba nzima ikalia naye, na kule Tagbilaran Santing alikuwa analia mkono mdomoni, na Junrey kageukia ukutani. Shangazi Ponsing tu aliendelea kusali, akiwakumbusha watu kwa ukali wasiache machozi yadondoke kwenye kioo, yasimzuie marehemu safarini. Watoto wadogo wakapitishwa juu ya jeneza mmoja mmoja, kulia kwenda kushoto, wasije wakamwota bibi. Analou aliwataja wote kwa majina, hata yule aliyezaliwa yeye akiwa hayupo.

Saa saba na nusu gari la mazishi likapiga honi barabarani. Wanaume wanne wakaingia na glavu nyeupe, wakasimama. Lazima waya uchomolewe ndipo mfuniko ufungwe. Na hakuna aliyeusogelea.

Maana fikiria. Kumkatia Analou ni kumwonyesha mlango. Yeye ni mgeni pale, amekuja msibani kwa njia aliyoiweza, na ni mfiwa vilevile. Rustico alitazama waya akatazama sakafu. Shangazi Ponsing, aliyemnyang'anya mwenyekiti simu, naye akatazama pembeni. Wakamwambia Analou akate mwenyewe, na Analou akasema hawezi. "Nikibonyeza mimi, si ndiyo nimemuaga mama? Msiniambie nimuage. Siwezi, Rustico, mkono wangu haukubali."

Honi ikapigwa tena.

"Rustico," Santing akasema, "niweke kwenye spika. Nishike karibu naye."

Rustico akainyoosha simu sebuleni kadiri alivyoweza. Santing akajisafisha koo. Katika miaka yake yote ya kazi ile alikuwa hajawahi kusema kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya maswali wala kwenye akili yake mwenyewe, lakini siku hiyo kilikuja.

"Analou, mwanangu, mimi naitwa Santing. Mimi si wa ukoo wenu, wala si mgeni wenu. Mimi ni wa intaneti. Laini yenu nimeishika huku Tagbilaran, na huku naweza kuizima. Hakuna atakayekuaga, na wewe huagi mtu. Ukimaliza kumtazama, sema tu 'haya'. Mimi ndiye nitakayekata, na lawama ni yangu."

Watu walisimama na mishumaa yao. Mfuniko ulikuwa wazi na vitaa vya ruta vinameta juu ya kioo.

"Mama," Analou akasema, "hiyo bluu imekupendeza."

Kisha, baada ya muda, "Haya."

Santing akabonyeza.

Dakika hamsini na moja ndizo zilizoandikwa kwenye saa nyekundu. Santing alipogeuka, akakuta Junrey amelitoa kopo lake la wali chini ya meza na kulifunika kwa sahani, inzi wasiliingie. Barua ya tatu kompyuta ya makao makuu iliitoa yenyewe jioni ile, na Junrey akaiweka kwenye droo yake na kuifunga. Bado iko humo, na Santing anajua iko humo.

Jumamosi Rustico akapiga tena, akamwomba Mama Santing kwa jina. Kwanza alishukuru, sasa mazishi yamepita anaruhusiwa. Halafu akasema intaneti haipo kabisa, hata taa moja hakuna.

"Ruta umeiweka wapi?" Santing akauliza, kama kawaida yake.

Rustico akakohoa. Akasema anaomba samahani. Akasema hakuona kilipofanyika, yeye alikuwa analia. Kumbe wale wenye glavu walipoinua kioo wamwekee mama rozari yake, Shangazi Ponsing alichomoa waya, akaizungushia ruta vizuri, akaiweka ndani, chini ya mkono wa kulia wa Eleuteria. Alipoulizwa jana alishangaa kwa nini wanauliza. Mtu aliyemngoja mwanawe miaka minne, alisema, mtamwachaje aende bila kitu cha kumpokelea?

Santing akamwambia Rustico asijali, na asimsumbue shangazi. Kisha akavuta fomu ya kifaa kisichorudishwa. Fomu ile ina visanduku: kimepotea, kimeibiwa, kimeungua, kimeharibiwa na mafuriko. Akavisoma vyote mara mbili. Hakutia alama popote. Kwenye mstari wa chini akaandika, kwa mwandiko wake wa zamani wa kuandikia uzito wa watoto: Kimezikwa na mwenye akaunti, kwa mapenzi ya ndugu. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Junrey aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kama ni kweli, akaambiwa ni kweli. Akatia sahihi, akaenda stoo mwenyewe, akarudi na ruta mpya chini ya kwapa na kuuliza nyumba ile soketi nyingine iko ukuta gani. Santing akamfungulia daftari amwonyeshe.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Saa kumi alasiri Mayla akapiga. Alikuwa amechelewa kulala, macho mekundu, amejifunga taulo kichwani, nyuma yake shuka lile lile la mwaka juzi. Alikuwa anasimulia habari za msimamizi wao mpya, akicheka, na katikati ya kicheko Santing akamwona jino la pembeni limeng'oka na mtoto hakumwambia. Uso wa mama ukakakamaa wenyewe, kwa mazoea.

"Mama?" Mayla akasema. "Mama, umeganda tena. Huu mtandao wenu jamani, ngoja nikate nipige upya."

"Usikate," Santing akasema. "Sijaganda, mwanangu. Sijawahi kuganda hata siku moja. Huwa nalia."

Mayla akashusha mkono uliokuwa unakwenda kwenye kitufe. Akamtazama mama yake vizuri, kwa muda mrefu, na mama yake akamwacha amtazame, machozi na kamasi na vyote. Picha ilikuwa safi kabisa.